Dawa ya kuku, dawa ya watu: Nani atalipa gharama ya usugu?

KATIKA maduka ya dawa za mifugo, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, ipo chupa ambayo mfugaji wa kuku hahitaji maelezo marefu ili kuipata. Akisema tu kwamba kuku wanakoroma, wanaharisha au wamesinzia, muuzaji anainua mkono rafuni na kumpa. Mfugaji anaichanganya kwenye maji ya kunywa, kisha anasubiri siku tatu kuona kama kuku watainuka au watazidi kufa.

Kwenye lebo ya chupa hiyo mara nyingi huandikwa enrofloxacin. Wengi wanaoinunua hawajui kwamba enrofloksasini ni ndugu wa damu wa siprofloksasini, kidonge ambacho binadamu hupewa anapougua njia ya mkojo, kuhara damu au homa ya matumbo. Undugu huo ni wa karibu kiasi kwamba sehemu ya enrofloksasini ikishaingia mwilini mwa kuku hugeuka na kuwa siprofloksasini yenyewe.

Hapo ndipo suala la bandani linapogeuka kuwa suala la hospitali, kisha likarudi kuwa suala la mfuko wa mfugaji. Dawa hizi mbili hushambulia sehemu moja ya bakteria. Bakteria akipata njia ya kuikwepa moja, ameikwepa na ya pili.

Kamba inayokatwa na kuungwa

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, ni vema kutazama jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi.

Kila bakteria hubeba vinasaba, yaani maagizo yote ya uhai wake, katika uzi mrefu wa DNA uliosokotwa kama kamba ya nyuzi mbili. Bakteria wa kawaida wa tumboni, anayefahamika kwa jina la E. coli, ana uzi wa takriban milimita moja na nusu, lakini mwili wake wenyewe una urefu wa kama sehemu mbili za elfu za milimita. Uzi huo umekunjwa na kusokotwa mamia ya mara ili uenee humo ndani.

Kabla bakteria hajagawanyika na kuwa wawili, ni lazima anakili uzi wote. Ili anakili, nyuzi mbili zitenganishwe. Mtu yeyote aliyewahi kufumua kamba ya katani kutoka upande mmoja anajua kinachotokea: kadiri anavyovuta, mbele kamba inazidi kujisokota na mwisho inakaza kabisa.

Bakteria ana fundi wa kazi hiyo, kimeng'enya kiitwacho jairesi, ambacho wanasayansi Martin Gellert na wenzake wa Marekani walikigundua mwaka 1976. Jairesi hukata kamba, hupitisha kipande kwenye mwanya, kisha huiunga tena. Kamba inalegea na kazi ya kunakili inaendelea.

Enrofloksasini na siprofloksasini humkamata fundi huyu katikati ya kazi. Zinamwacha akate, lakini zinamzuia asiunge. Kamba inabaki imekatika huku na kule, kunakili kunasimama, na bakteria anakufa. Kimeng'enya cha kuku na cha binadamu kinachofanya kazi kama hiyo kina umbo tofauti, na ndiyo maana dawa inaua bakteria bila kumuua mgonjwa.

Zipo dawa nyingine zinazopiga karibu na hapo. Mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, ambao kwa binadamu hujulikana zaidi kama Septrin na ambao pia huuzwa kwa ajili ya kuku, hauigusi jairesi. Wenyewe huzuia bakteria asitengeneze foleti, na bila foleti anakosa malighafi ya kujenga DNA mpya. Ni sawa na kumnyima mwashi saruji.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayobadili mkojo wa mgonjwa kuwa wa rangi ya machungwa, yenyewe huziba hatua inayofuata. Maagizo yaliyo kwenye DNA hayana faida mpaka yanakiliwe kwenye ujumbe mfupi wa RNA, unaopelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Mtambo unaonakili ujumbe huo, unaoitwa polimeresi ya RNA, unaweza kulinganishwa na karani anayenakili amri kutoka daftari kuu. Rifampisini hukaa pale ujumbe unapotokea, hivyo karani akishaandika herufi mbili au tatu anakwama.

Kwa nini kideri hakisikii dawa

Maelezo haya si ya darasani tu. Yanajibu swali ambalo limewagharimu wafugaji fedha nyingi: kwa nini kuku wenye kideri hunyweshwa dawa chupa baada ya chupa na bado wanakwisha?

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huletwa na virusi. Ndivyo ilivyo kwa Gumboro na ndui ya kuku. Virusi hana jairesi ya kushikwa. Anapoingia kwenye seli ya kuku hutumia mitambo ya kuku huyo huyo kujizalisha, na mitambo hiyo enrofloksasini haiigusi. Kumpa kuku mwenye kideri dawa hii ni sawa na kufunga mlango wa nyumba ya jirani wakati mwizi yuko ndani kwako.

Baadhi ya wafugaji hudai kwamba waliwahi kutumia dawa na kuku wakapona. Inawezekana. Kuku aliyedhoofishwa na virusi huweza kuvamiwa na bakteria pia, na dawa ikamsaidia kwa hao bakteria. Inawezekana pia kwamba ugonjwa ulikuwa mwingine tangu mwanzo, mathalani mafua ya kuku yanayoletwa na bakteria. Bila uchunguzi hakuna anayejua, na mfugaji anabaki akicheza bahati nasibu kwa fedha yake.

Koksidia nayo, inayosababisha kuhara damu kwa vifaranga, huletwa na vimelea ambao si bakteria wala virusi. Ina dawa zake, kama vile amproliamu. Anayenunua enrofloksasini kwa ajili ya koksidia amenunua chupa isiyomhusu.

Hesabu ya bakteria

Hasara ya kutumia dawa pasipohusika haiishii kwenye bei ya chupa. Kila mara dawa inapoingia bandani hukutana na mamilioni ya bakteria wanaoishi matumboni mwa kuku, hata wasiokuwa na habari na ugonjwa unaotibiwa.

Katika mazingira mazuri, E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na baada ya saa saba wamepita milioni mbili. Katika kunakili huko, makosa madogo ya herufi moja hutokea. Mengi hayana maana. Lakini kosa moja likiangukia kwenye maagizo ya kutengeneza jairesi, fundi hubadilika umbo kidogo na dawa ikashindwa kumshika barabara.

Bakteria huyo akikutana na dozi kamili, bado anaweza kufa. Akikutana na nusu dozi, wenzake wote wanakufa na yeye anabaki peke yake na chakula chote. Uzao wake ndio unaojaza banda. Kosa la pili likitokea miongoni mwa uzao huo, hata dozi kamili inaweza kushindwa. Kwa kampilobakta, bakteria wa kuku anayewaharisha binadamu duniani kote, kosa moja tu linatosha kuleta usugu mkubwa.

Aidha, tangu mwaka 1998 inafahamika kwamba usugu wa kundi hili la dawa unaweza pia kubebwa kwenye vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, kama jirani anavyomwazima jirani jembe. Kwa hiyo bakteria asiye na madhara kwenye utumbo wa kuku anaweza kuwa ghala la usugu kwa yule mwenye madhara.

Nusu dozi hutokea kirahisi kuliko wengi wanavyodhani. Katika nchi za Ulaya, kipimo cha kawaida cha enrofloksasini kwa kuku wa nyama ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku tatu hadi tano mfululizo. Chukua mfano wa banda la vifaranga 500 wenye wastani wa gramu 400 kila mmoja. Uzito wote ni kilo 200, na kwa dawa ya asilimia 10 wanahitaji mililita 20 kwa siku. Kuku hao hao wakifikia kilo moja na gramu 600, uzito wote ni kilo 800 na wanahitaji mililita 80. Mfugaji aliyezoea "kifuniko kile kile" tangu wakiwa wadogo, sasa anawapa robo ya dozi.

Juu ya hapo, kuku mgonjwa hanywi maji kama kuku mzima. Wale wanaohitaji dawa zaidi ndio wanaopata kidogo, na wale wasioihitaji ndio wanaoinywa kwa wingi. Maji magumu ya visima nayo yana madini ya chokaa yanayoweza kushikana na dawa na kupunguza nguvu yake.

Somo kutoka Uholanzi na Marekani

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Uholanzi ilianza kutumia enrofloksasini kwa kuku mwaka 1987. Watafiti walipolinganisha sampuli za kati ya mwaka 1982 na 1989, walikuta usugu wa kampilobakta kwa kundi hili la dawa umepanda kutoka sifuri hadi asilimia 14 katika nyama ya kuku, na kutoka sifuri hadi asilimia 11 kwa wagonjwa.

Marekani iliidhinisha dawa za kundi hili kwa kuku mwaka 1995 na 1996. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipendekeza ziondolewe. Kampuni moja, Abbott, ikaitoa yake sokoni. Nyingine, Bayer, ikapinga, na shauri likachukua karibu miaka mitano. Uamuzi ulitolewa Julai 2005, na kuanzia Septemba 12 mwaka huo enrofloksasini haikuruhusiwa tena kwa kuku nchini humo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa FDA kuiondoa dawa ya mifugo kwa sababu ya usugu unaowadhuru binadamu.

Hoja iliyobeba uamuzi huo inafaa kutafakariwa na kila mfugaji. Kuku wa banda zima hunyweshwa dawa kwa pamoja hata kama wagonjwa ni wachache, na dawa hiyo haimalizi kampilobakta tumboni mwao. Wanaobaki ni wale sugu, na hao ndio wanaokwenda sokoni na nyama.

Australia ilichagua njia tofauti. Haikuwahi kuidhinisha dawa za kundi hili kwa mifugo inayoliwa, na kwa miaka mingi usugu wa kampilobakta nchini humo ulibaki chini ukilinganisha na nchi nyingine. Umoja wa Ulaya haukuzipiga marufuku, lakini hauruhusu enrofloksasini kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Klorokwini iliwahi kutufundisha

Kuna jambo katika historia ya dawa hizi linalogusa kumbukumbu za watu wa Afrika Mashariki. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, asidi ya nalidiksi, ilitangazwa mwaka 1962 na George Lesher na wenzake nchini Marekani. Ilitokana na kazi ya kutengeneza klorokwini.

Klorokwini ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na kila mtu alijitibu mwenyewe kwa kukisia. Mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiacha kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea walikuwa wamekwisha kuizoea. Dawa ya salfa iliyochukua nafasi yake nayo haikudumu, na ikaja dawa ya mseto ambayo gharama yake ni kubwa zaidi.

Kifua kikuu kinatoa somo la upande wa pili. Mgonjwa wa kawaida hapewi rifampisini peke yake, bali huanza na dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne, kwa sababu inafahamika kwamba kosa la herufi moja kwenye mtambo wa karani linaweza kuifanya rifampisini ishindwe. Inaposhindwa, kama kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu ambao Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianza kuwatibu mwaka 2009, madaktari hukimbilia dawa nyingine, zikiwamo levofloksasini na moksifloksasini. Hizo nazo ni ndugu wa dawa ya kuku.

Ni kweli kwamba bakteria wa kifua kikuu hawachukui usugu kutoka kwa kuku. Wala si haki kumbebesha mfugaji mzigo wote, kwani siprofloksasini yenyewe huuzwa kwa watu bila cheti cha daktari katika maduka mengi. Hata hivyo, ghala la dawa ni moja, na kila anayechota bila sababu anawapunguzia wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Dawa mpya zinakuja kwa kasi ndogo. Machi 2025 Marekani iliidhinisha gepotidasini kwa maambukizi ya njia ya mkojo ya wanawake. Nayo hushika jairesi, ingawa katika sehemu tofauti. Ni dawa ya binadamu, na hakuna mfugaji anayepaswa kuisubiri ije kuokoa banda lake.

Sheria zipo, duka liko karibu zaidi

Tanzania na Kenya zilizindua mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017, na zote zimeandaa mipango mingine baada ya hiyo ya kwanza. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayosajili dawa za mifugo, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayosimamia wanaotoa huduma hiyo.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na banda. Afisa mifugo mmoja huhudumia eneo kubwa, na kuku hawasubiri. Duka liko mtaani, liko wazi hadi usiku, na muuzaji hatozi ada ya ushauri. Kwa upande wake, muuzaji hupata faida yake kwenye chupa anayouza leo. Chanjo inahitaji jokofu na umeme wa uhakika, na chupa moja hutosha kuku wengi kuliko alionao mfugaji mdogo, hivyo wengi huona haina biashara.

Lakini biashara hiyo ina mwisho. Siku dawa itakapoacha kufanya kazi, mteja atakayezika kuku 300 hatarudi kununua chakula, vifaranga wala vyombo vya maji. Muuzaji atakuwa amepoteza mteja kwa sababu ya chupa moja.

Mfugaji afanye nini?

Hatua ya kwanza ni chanjo. Ile ya kideri aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hudondoshwa jichoni na inafaa hata vijijini. Wafugaji wenye kuku wachache wanaweza kuchangishana, wakanunua chupa moja na kuchanja mtaa mzima siku moja.

Ya pili ni usafi wa banda: maranda makavu, maji safi, hewa ya kutosha, na kutoruhusu wachuuzi wanaozunguka na matenga kuingia bandani. Bakteria asiyeingia hahitaji dawa.

Ya tatu ni kupima kabla ya kutibu. Kuku wawili au watatu waliokufa karibuni wakipelekwa kwa daktari wa mifugo au kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wanaweza kuonyesha ugonjwa ni upi, na maabara inaweza kupima ni dawa gani bakteria huyo bado anaisikia. Mwenye kuku 500 akilinganisha gharama ya kipimo na thamani ya banda zima, hatahitaji kushawishiwa.

Ya nne, dawa ikilazimu, ipimwe kwa uzito wa kuku, ikamilishwe siku zote zilizoandikwa, na tarehe ziwekwe kwenye daftari. Kwa kuku wa nyama, muda wa kusubiri kabla ya kuchinja unaotumika Ulaya kwa enrofloksasini ya kunywa ni siku saba. Kuku atakayeanza dawa ya siku tano akiwa na umri wa siku 30, hastahili kuchinjwa kabla ya siku ya 42. Mfugaji aliyepanga kuuza siku ya 35 ahesabu chakula cha wiki moja zaidi, la sivyo mlaji ndiye atakayeila dawa iliyobaki. Kwa kuku wa mayai, amweleze daktari mapema kwamba wanataga ili atafutiwe dawa nyingine.

Mwisho, mbolea ya kuku waliotibiwa isipelekwe mbichi kwenye bustani za mchicha. Sehemu ya dawa hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado ina nguvu na hushikana na udongo kwa muda mrefu. Irundikwe ioze kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa malaria, ufa wa klorokwini haukuzibwa, na ukuta wa dawa ya mseto bado unalipiwa. Kwa enrofloksasini na ndugu zake, ufa umekwisha kuonekana. Mfugaji ataamua uwe mpana kiasi gani kila anaposimama mbele ya rafu, kabla hajalipa, akijiuliza kama kuku wake wana ugonjwa ambao chupa hiyo inautibu.